Miiko ya Kopotkin

12 Januari

Nimerudi kutoka kwa dada yangu nikakuta ubao wa jikoni umeoshwa. Sio kufutwa hivi hivi kwa kitambaa, umeoshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka unang'aa. Nikamuuliza Tobin, mmoja wa wanafunzi ninaoishi nao, nani kafanya hivyo. Akajibu kwa furaha kabisa: "Mimi! Ulikuwa mchafu, Verna. Kulikuwa na maandishi kule pembeni, yamekauka kama saruji."

Yale maandishi ya pembeni yalikuwa ya rafiki yangu Gordie. LENINI LEO? Ndivyo alivyokuwa akiulizia chakula kila jioni akiingia jikoni na barafu kwenye ndevu. Alipohamia nyumba ya kutunzia wazee, miaka minne iliyopita, niliyaacha pale nikawa nafuta ubao kwa kuyazunguka. Oktoba alifariki. Maandishi yakabaki, mpaka leo.

Sikumwambia Tobin chochote. Ana miaka ishirini na mbili, anasomea mipango miji, na husafisha kila anachokiona. Nimepanda chumbani nikakaa na koti mwilini kwa muda mrefu.

13 Januari

Theluji. Kazini mabanda ya mimea ya chuo yalikuwa na joto, nimewamwagilia okidi. Okidi hawajibu, ila angalau hawaoshi kitu.

17 Januari

Kikao cha kuwakaribisha wapya wawili. Kao alikiendesha, na anakiendesha vizuri, mtoto wa watu. Wazazi wake ni Wahmong, watu wa Laos waliohamia mji wa Wausau, na ndiye pekee humu anayeniita shangazi. Wengine wananiita Verna tu, kama wanavyoitana wenyewe.

Wapya waliambiwa jina la hii nyumba yetu ya ushirika. Ni Nyumba ya Kropotkin, yule mwanafikra wa Kirusi aliyehubiri kusaidiana, ila majira fulani ya baridi herufi ya pili ilidondoka kutoka kwenye kibao cha mlangoni, ikazama kwenye theluji na haikupatikana tena. Tangu hapo mtaa wetu mzima hapa mjini Madison unatuita watu wa Kopo. Wapya wakacheka. Kisha kila mmoja akapewa mwiko wa mbao uliochomwa jina lake, na Kao akawaeleza: humu hatupigi kura. Tunakubaliana. Aliyekubali anatikisa vidole hewani, aliyenyamaza amekubali pia. Lakini ukiona jambo litaiharibu nyumba, unaweka mwiko wako mezani na jambo linakufa papo hapo. Mwiko mmoja, mara moja tu, kwa muda wote utakaoishi hapa.

"Na shangazi Verna," Kao akasema, "ana miaka thelathini na zaidi humu na hajawahi kuuweka wake."

Wakanitazama kama kitu cha makumbusho. Nikatikisa vidole.

20 Januari

Zamu yangu ya kupika. Tambi kwa mchuzi wa karanga. Anayepika huandika jina la chakula ubaoni, na sharti ndani yake awepo mwanafikra au itikadi. Hiyo ndiyo sheria ya ubao, mimi na Gordie tuliianzisha tukiwa tunasoma falsafa ya siasa, kabla sijaiacha. Viporo vya Jumapili vinaitwa BAKUNINI mpaka leo, kwa heshima ya Bakunin. Chapati za maji za Jumamosi ni MAPINDUZI, KILA UPANDE UIVE. Leo niliandika:

MAO NI YENU. TUPENI.

Nikasimama kando ya jiko nikisubiri. Tobin akasoma, akasema "Aha," akachukua sahani na kwenda nayo chumbani. Wapya wakapiga picha. Maren akasimama mbele ya ubao, mikono mifukoni. Huyu Maren ni wa kemia, mwaka wake wa tatu humu, na sijawahi kumwona akicheka kitu nilichoandika.

"Ndani kuna nini?" akauliza.

"Si umesoma ubao?"

"Ubao unasema Mao."

"Ndiyo."

"Mimi nina mzio wa karanga, Verna. Mao ana karanga?"

Nikamwambia anazo. Akala mkate na jibini amesimama wima, akaosha kisu chake na kuondoka. Hana ucheshi hata wa kukopa, yule binti.

21 Januari

Digrii ishirini na sita chini ya sifuri. Mabomba ya bafu la juu yameganda.

28 Januari

Zamani Jumapili nilikwenda kwa Gordie. Mwishoni alikuwa hakumbuki jina langu, lakini ukimtupia jina la mwanafikra alilidaka. "Marx," namwambia. "Alipata maksi ngapi?" anauliza. Mmoja tu ndiye aliyetushinda siku zote: Engels. Tulimgeuza na kumpindua miaka nenda rudi, hakutupa kitu. Gordie alikuwa akisema yule mtu alipewa jina kwa makusudi ili watu kama sisi tupate tabu.

Leo Jumapili nimekaa. Sikujua niende wapi.

3 Februari

Tobin alinikuta nikikoroga uji wa shayiri. Akajikuna shingo, akasema ana pendekezo, na alitaka nilisikie kwake kwanza.

"Sema."

"Ukomo wa kuishi hapa. Miaka mitano kwa kila mtu. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu, Verna, kuna wanafunzi wanalala kwenye magari kwenye baridi hii. Na sisi ndio tunaojiita ushirika."

Niliendelea kukoroga. Nikamuuliza kama miaka mitano inahesabiwa kuanzia leo au kuanzia mtu alipoingia.

"Alipoingia," akasema. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Sio kwa ajili yako. Ni kanuni tu."

Ni kweli, sio kwa ajili yangu. Ila nimepiga hesabu, na humu ndani mwenye kuguswa na kanuni hiyo ni mmoja.

4 Februari

Uji uliungua. Nimekwangua sufuria hadi saa ya kazi.

10 Februari

Naandika yote, maana hakuna wa kumsimulia.

Kikao kilikuwa saa moja jioni, sebuleni, sote tumekaa kwenye yale makochi yaliyobonyea. Tobin akasoma pendekezo lake. Alisoma vizuri, akataja wale wa kwenye magari. Kao akauliza kama kuna maswali. Hakuna aliyeuliza. Akauliza kama kuna wasiwasi wowote.

Mwiko wangu ulikuwa mfukoni mwa sweta. Nilikuwa nimeushika. Lakini kuna jambo ambalo kila mtu wa Kopotkin analijua: mwiko hauwekwi kwa ajili ya nafsi yako. Unauweka kwa ajili ya nyumba, au kwa ajili ya mwenzako. Gordie ndiye aliyelisema siku ya kwanza kabisa, akiwa amesimama juu ya kiti: "Anayejiwekea mwiko mwenyewe, huyo ni bepari mwenye kijiko." Tulicheka sana, kisha tukalishika kwa miaka yote. Gordie mwenyewe walipotaka chumba chake kiwe cha baiskeli hakugusa mwiko wake. Niliondoka nikaenda kunywa maji ili nisimwone, na niliporudi nikakuta mwiko wa Rosalie, mwenzetu wa enzi zile, uko mezani kwa ajili yake.

Kwa hiyo nilikaa kimya nikawasubiri.

Nilimtazama Kao, akanitazama. Nilimtazama Maren, akatazama meza. Wapya walitazama miguu yao. Tanuri la chini linalopasha nyumba joto likawaka na kunguruma kama linavyofanya. Watu wanane, na miiko minane ndani ya nyumba, na hakuna hata mmoja uliotoka. Kao akasubiri muda mrefu kuliko kawaida, hilo nakiri. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Basi limepita usomaji wa kwanza. Usomaji wa pili tarehe mbili Machi."

Hakuna aliyetikisa vidole. Walinyamaza tu, na kunyamaza ni kukubali.

Nimeishi na watu hawa chini ya paa moja. Nimewafundisha kuwasha jiko. Nimeuguza mafua yao. Nilidhani mmoja, japo mmoja, angeuona mwiko wake kuwa na thamani ndogo kuliko mimi.

11 Februari

Naumwa na moyo. Sina njia nyingine ya kulisema.

12 Februari

Wakiniona wanaingia vyumbani. Kao ameniletea supu ya nyama na majani, akaiweka mlangoni akaondoka bila kubisha.

17 Februari

Tobin alipika. Aliandika ubaoni MKATABA WA JAMII: KILA MTU ANATOA, KILA MTU ANAPATA. Mzaha wa mwanafunzi, lakini alijitahidi, na akanitazama kuona kama nimecheka. Sikucheka.

Ulikuwa mchuzi mzito wa viazi vitamu. Maren alichota, akala kijiko kimoja, akakiweka chini taratibu. "Tobin," akasema, "umetia nini ukawa mzito hivi?" Na Tobin, maskini, akafungua mdomo halafu mikono ikamwenda kichwani.

Midomo ya Maren ilikuwa imeanza kuvimba. Alijidunga mwenyewe ile sindano ya dharura, pale pale, pajani, kupitia suruali. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa gari la nyumba. Barabara ilikuwa barafu tupu. Nikaendesha, yeye kando yangu akihema kama mtu anayevuta hewa kupitia mrija.

"Niongeleshe," akasema. "Chochote."

Nikamwambia kuhusu Engels. Nikamwambia kwamba mimi na rafiki yangu tulimhangaikia miaka nenda rudi na hatukuambulia hata mzaha mmoja, kwamba Mao ni rahisi na Marx mtoto mdogo anamweza, lakini Engels ni mawe matupu.

"Huyo... ni nani?" akauliza.

"Rafiki yake Marx."

"Ooh," akasema. Akafumba macho. Nikampigia kelele afumbue, akafumbua.

Hospitalini walimlaza kwa uangalizi. Nilikaa naye nimeshika kiatu chake kimoja, sijui kwa nini nilikuwa nacho. Alipoweza kuzungumza vizuri aliniambia, "Mimi sipendi mizaha yako, Verna."

"Najua."

"Sio kwamba siielewi. Huwa nasimama pale mbele ya ubao nikitafuta karanga. Nikimaliza kutafuta, hamu ya kucheka imeshaisha."

Miaka mitatu. Miaka mitatu nilidhani anausoma kwa kiburi.

18 Februari

Tobin ametupa kila kopo la siagi ya karanga lililokuwa stoo, na alikuwa akilia. Sikuwa na nguvu za kumchukia leo.

23 Februari

Nimekwenda kuona chumba kwenye majengo ya wazee, njia ya kwenda uwanja wa ndege. Kisafi, kina joto, jiko la mafiga mawili. Mama aliyenionyesha alisema wengi wanapenda kwa sababu ya utulivu. Juu ya jiko kuna nafasi inayotosha ubao mdogo. Nikafikiri: nani atausoma? Nimechukua fomu, nikaipasua kwenye basi, nikashuka nikarudi kuchukua nyingine.

27 Februari

Nimefunga vitabu kwenye maboksi matatu. Maboksi ni mepesi kuliko nilivyotarajia. Vingi vilikuwa vya Gordie, navyo nilishavigawa.

2 Machi

Mvua iliyochanganyika na barafu mchana kutwa. Usomaji wa pili.

Tobin alisoma tena, kwa haraka safari hii, bila kutazama mtu. Kao akauliza kama kuna wasiwasi. Kimya. Tanuri likanguruma. Nami nilikuwa nimekwisha kukubali, nilikuwa nimekuja na kalamu nisaini kitakachosainiwa.

Ndipo Kao akaanza kulia.

"Shangazi," akasema, "uweke basi! Unasubiri nini? Sisi tumekusubiri tangu mwezi uliopita!"

"Niweke nini?"

"Mwiko wako! Hakuna mtu humu anayetaka uondoke. Tulijua utauweka, ni wako, hujawahi kuutumia. Tukaona sio adabu kukuwahi, kama vile wewe huwezi kujitetea. Halafu ukakaa kimya. Tukasema basi, labda mwenyewe amechoka na sisi, labda anataka kwenda."

"Mwiko hauwekwi kwa ajili ya nafsi yako," nikasema. "Si mnajua?"

Wakatazamana. Hawakujua. Mmoja mmoja nikawasoma nyuso: hakuna aliyejua.

"Nani kasema hivyo?" Tobin akauliza.

"Gordie."

"Gordie ni nani?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Halikuandikwa popote. Lilikuwa jambo ambalo kila mtu analijua, na kila mtu aliyelijua alishahama au alishakufa, nimebaki mimi. Nimekaa nalo peke yangu nikiwahukumu watoto hawa kwa sheria ambayo hakuna aliyewapa.

Nikawaeleza Gordie ni nani. Nilianza na yale maandishi ya pembeni. Tobin aliinamisha kichwa mpaka kikafika magotini.

Maren alikuwa amekaa kwenye ngazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka kwenda chumbani. Nikadhani amechoshwa. Akarudi na mwiko wake.

"Mimi huu nilikuwa nautunza," akasema. "Nilijua siku moja mtu atataka kununua siagi ya karanga kwa pipa, nami nitauweka. Kumbe nisingeweza. Ingekuwa ni kwa ajili yangu."

"Isingeruhusiwa," nikasema.

"Basi mtu mwingine angelazimika kuniwekea."

"Ndiyo."

Akafikiri, kwa ule uso wake wa maabara. Halafu akauweka mwiko mezani, sio kwa kishindo, kama mtu anayerudisha chombo mahali pake. "Kwa ajili ya Verna," akasema. Na Tobin ndiye aliyekuwa wa kwanza kutikisa vidole, mikono yote miwili, juu kabisa.

Nimekuja huku juu na ninalia kama mjinga, na maboksi yamenizuia kufika kitandani.

3 Machi

Kao na Tobin wameitisha kikao kidogo juu ya wale wa kwenye magari. Chumba cha baiskeli cha siku hizi kitakuwa cha kulala watu wawili. Baiskeli zitakaa barazani na theluji. Baiskeli yangu ndiyo ya kwanza niliyoitoa.

9 Machi

Zamu yangu. Nilisimama mbele ya ubao na chaki kwa muda mrefu. Nilikuwa na mzaha mzuri wa Kant, niliuandaa tangu Jumatano kule kwenye okidi. Nikaandika:

SUPU YA DENGU. VITUNGUU, KAROTI, NYANYA, KITUNGUU SAUMU. HAINA KARANGA.

Maren akaingia, akasoma kwa mara moja, akachukua bakuli. Alikula mezani, ameketi. Akachota tena.

Ubao unaonekana kama ubao wa hospitali. Nimeuacha hivyo.

16 Machi

Supu ya njegere. Haina karanga.

30 Machi

Barafu ya ziwa imekuwa ya kijivu, wavuvi wamevuta vibanda vyao kutoka juu ya barafu hadi ufukweni. Wapya wameniomba niwafundishe "ile michezo ya majina." Niliwapa Bakunin. Mmoja alicheka siku ya pili yake, akiwa anapiga mswaki.

6 Aprili

Ziwa limefunguka. Nilikwenda peke yangu kuliona. Siku kama hii Gordie angenipigia simu, nami ningemwambia maji yameonekana, naye angeuliza kama ni maji ya mrengo wa kushoto. Nilingoja kidogo nikiwa na simu mkononi, kisha nikaiweka.

11 Mei

Wote wameondoka au wanaondoka. Ndivyo Mei ilivyo hapa kila mwaka, na kila mwaka najifanya nimezoea. Kao amekwenda kwa wazazi wake. Tobin amenikumbatia mpaka nikakohoa. Amenichongea herufi ya R ya mbao kwa ajili ya kibao cha mlangoni, nikamwomba asiipachike. Ameiacha juu ya friji.

Maren alikuwa wa mwisho. Amepata kazi ya maabara huko Oregon, harudi. Nilimsaidia kushusha maboksi, tukaagana barazani bila maneno mengi kwa kuwa sisi wote wawili hatuna mengi. Nikaingia jikoni kufuta ubao wa jana, SUPU YA DENGU. HAINA KARANGA. Chini yake, kwa herufi ndogo za mtu wa kemia, zilizonyooka kama zimepimwa kwa rula, kulikuwa na mstari mpya:

ZINGEKUWEPO, MAREN ENGELIKUFA.

Niliusoma mara mbili. Kisha nikatoka mbio, na viatu vya ndani, mpaka barabarani. Alikuwa ameshawasha gari. Akashusha kioo.

"Mbaya?" akauliza.

"Mbaya mno," nikamwambia. "Hata sarufi umeivunja ili umpate Engels. Gordie angekupigia magoti."

"Tangu Februari nimekuwa nikiutafuta," akasema. "Hospitalini nilianza." Na akacheka, Maren, kwa mara ya kwanza mbele yangu, cheko fupi lenye aibu. Akaondoka.

Nyumba ni tupu sasa, vyumba vyote wazi, upepo unapita kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma. Mwiko wangu bado ninao. Agosti watakuja wengine, na siku ya kwanza kabisa nitawaambia unawekwa kwa ajili ya nani.

Ubao nimeufuta kwa kuuzunguka ule mstari. Wataniuliza Maren ni nani.